Mwenye Buchari na Kidole Tumbo

Juzi, kwenye hospitali moja ya Homa Bay, mzee mwenye buchari ya nyama mjini Oyugis alikataa kutia sahihi fomu ili mkewe apasuliwe, atolewe kidole tumbo kilichovimba. Sisi wa kwenye benchi tulimsikia mama huyo akilia ndani.

"Kidole tumbo kiko hapa," mzee alisema, akijigusa kulia, karibu na nyonga. "Ndugu yangu alikatwa hapa. Wewe unataka kukata huku chini ya mbavu. Nimechinja mbuzi miaka ishirini, daktari. Ndani napajua."

Daktari, binti mdogo, aliweka ngumi juu ya kaunta, akanyoosha kidole cha mwisho.

"Ngumi ni utumbo. Kwa wengi hiki kinaning'inia chini. Cha mama kimepita nyuma kikapanda mpaka karibu na ini, picha imeonyesha. Nikikata pale pa ndugu yako, nitakitafuta mpaka kipasuke." Akamtazama. "Jaduong', mzee wangu, nyongo ya mbuzi hukaa mahali pamoja siku zote?"

Mzee aliangalia mikono yake.

"Kuna moja ilijificha," alisema polepole. "Nilikata kwa mazoea. Nyama ikawa chungu, nikawapa mbwa."

Alitia sahihi, akarudisha kalamu.

"Basi usikate kwa mazoea," akamwambia daktari.

Nilipogeuka, benchi zima lilikuwa limeshika matumbo, nami nikiwemo. Langu nimelibeba miaka hamsini, na siku hiyo nililiogopa kama nyumba ya mtu nisiyemjua.