Upanga wa Kuchomea Soseji

Oldrich alikuwa mhunzi wa panga za mtindo wa kale, zile ndefu za kushikwa kwa mikono miwili, kama walizobeba wapiganaji wa nchi ya Bohemia enzi za wafalme. Macho yalipoanza kumtupa mkono, alifua upanga wa mwisho. Majira yote ya baridi aliuinamia. Ala yake aliichonga kwa mbao, akaivika ngozi, na ndani akatandika sufu ya kondoo ili chuma kisishike kutu.

Hakuuuza. Alimpa mkwewe Borek, mcheza vita vya maonyesho kwenye ngome, akamwomba autunze, maana hautakuwapo mwingine. Borek aliapa mkono ukiwa kifuani. Kuapa kwa watu kama yeye ni sawa na kupiga chafya.

Siku ya sikukuu, mwishoni mwa kiangazi, Oldrich alipanda kilima cha ngome akauone upanga wake ukichezwa. Alimkuta Borek amechutama kando ya moto, deraya mwilini, bia mkononi. Wenzake walikuwa wamechonga vijiti vya kuchomea soseji, kama ilivyo desturi. Yeye, kwa uvivu wake, alitunga soseji zake kwenye upanga. Ncha ilikuwa ndani ya makaa, na mafuta yalikuwa yametapakaa hadi kwenye mpini.

"Karibu ule, baba," alisema. "Chuma hakiungui kama kijiti."

Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda hali kwa upanga. Oldrich aliuchukua, akaufuta kwa shati lake. Ncha ilikuwa imegeuka buluu. Akaikandamiza juu ya gogo: upanga mzima hupinda ukarudi, huu ulipinda ukabaki vilevile.

"Si unagonga nyundo kidogo tu, mzee?"

"Nikigonga utanyooka. Lakini ugumu wake umeuua kwa moto, na mimi sina tena macho ya kuisoma rangi ya chuma motoni ili niurudishe."

Akamrudishia upanga, kisha akaivuta ala kutoka kiunoni mwa Borek.

"Hiyo niachie, baba. Nitauweka wapi?"

"Mshikaki hauvai ala, kijana. Endelea kula."

Alishuka na ala kwapani, akijiambia kwamba walau hiyo ameiokoa. Njiani akaunusa mdomo wa ala. Sufu ilinuka mafuta yaliyochacha, mafuta ya siku nyingi. Kumbe kiangazi chote kile upanga ulikuwa ukichomewa soseji.

Akaitupa jalalani, akaenda mtoni kunawa mikono.