Maziwa ya Watu wa Asidi

Nilivichukia vile vidonge tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Vilikuwa vidogo, vimefungwa ndani ya kipande cha gazeti, na ukikifungua tu unasikia harufu ya msumari uliolowa. Mkunga aliviita fer, yaani chuma chenyewe, cha kuongeza damu. Nikamwambia mkunga, mji wetu wote wa Likasi unaishi kwa madini, wanaume wanayachimba na kuyachemsha, sasa na sisi wanawake tuyameze? Hakucheka.

Alikuwa na sababu ya kutocheka. Alinizalisha mtoto wangu wa kwanza, msichana, na aliona jinsi nilivyovuja. Damu ilitoka mpaka masikio yakaanza kulia na taa ya dari ikawa mbali. Siku hizo hospitali bado ilikuwa hospitali. Waliniwekea chupa mbili za damu za watu nisiowajua, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Mimba ya pili ilipofika mwezi wa sita, msichana alikuwa na miaka minne na mambo yalikuwa yameharibika kila mahali. Friji ya damu ilikuwa haifanyi kazi, wameweka bandeji ndani yake. Wauguzi wengi walikuwa wameondoka, wengine wamefukuzwa warudi kwao Kasai kwa treni pamoja na familia zao, na waliobaki walikuwa wanafanya kazi ya watu watatu. Mkunga wangu alibaki. Alinichoma kidole, akagusisha tone kwenye karatasi nyeupe, akaliweka kando ya kadi yenye rangi nyekundu za kila namna, kuanzia ile iliyoiva mpaka ile iliyofifia. Tone langu liliangukia karibu na mwisho, kwenye zilizofifia.

"Mama, safari hii damu utakuya nayo weye mwenyewe, ndani ya mwili," aliniambia. "Hapa sina ya kukupa. Ukitoka damu kama siku ile, minye nitakuangalia tu."

Maneno hayo nilitembea nayo mpaka Panda, kwenye kambi yetu ya wafanyakazi wa shaba. Nilikuwa na hofu, tena hofu ya kweli, ile inayokaa tumboni pamoja na mtoto. Kwa hiyo nilimeza.

Wee! Asubuhi ya kwanza nilitapika kabla sijafika mlangoni. Ya pili nilijitahidi kukishikilia, nikakishikilia, saa mbili nzima mdomo una ladha kama nimelamba funguo, halafu nikatapika bukari, ugali wetu wa jana. Wiki ilipoisha choo kikafunga. Siku nne! Nilikuwa nachuchumaa pale nyuma ya nyumba mpaka miguu inakufa ganzi, jirani yangu ananiita kutoka upande wa pili wa ukuta wa matofali, "Mama, uko unazaa tayari?" Na siku kilipofunguka, nilitoka nimeshika ukuta. Kilikuwa cheusi. Cheusi kama masizi ya sufuria. Nikadhani nimeoza ndani. Nililia, na jirani, ambaye alikuwa amezaa saba na hakuwa na siri, alikuja kuniambia kwamba ni vidonge tu, wote wanakuwa hivyo, nifute machozi.

Mume wangu aliyaona haya yote. Alikuwa mtu wa asidi, kule kiwandani Shituru, kwenye mabirika ambamo shaba inakaa ndani ya asidi mpaka ishikamane na mabati. Nguo zake zilitoboka zenyewe kwenye kamba. Alikuwa na kikohozi kikavu cha asubuhi, wote walikuwa nacho, mpaka ukisikia mtu anakohoa barabarani unajua anafanya kazi upande gani. Na watu wa asidi walikuwa na haki yao moja tangu enzi za wazee wao: maziwa. Kila zamu, kila mtu kikombe chake kikubwa. Maziwa yanakamata madini kifuani, walisema, yanayashusha, yanatoka nayo. Hakuna aliyebisha. Miaka ile unga ulikuja nusu, mshahara ulikuja unapotaka, lakini maziwa yalikuwa bado yanagawiwa, ya unga, yaliyokorogwa kwa maji mengi, na wanaume waliyanywa kama wanaokula komunyo.

Jioni moja alirudi na chupa ya bia iliyozibwa kwa gunzi la muhindi. Ndani mlikuwa na maziwa yake.

"Weye unakula chuma, minye nakula asidi," alisema. "Dawa yetu ni moja. Kesho umeze na hii."

"Na weye utakunywa nini?"

"Minye nimezoea."

Nikameza nayo. Na jamani, ilifanya kazi! Kidonge kilishuka kimya, tumbo likatulia, ile ladha ya funguo ikapotea. Mwezi mzima nilikula, nikanenepa mashavu, nikamtania jirani kupitia ukuta. Kila jioni chupa ilikuja, kila asubuhi nilimeza kwa maziwa yake, na kila asubuhi aliniangalia nikimeza, amesimama na viatu vyake mkononi, hataki kuondoka kabla koo langu halijapanda na kushuka. Halafu anafunga viatu, anaondoka akikohoa. Nilikuwa na furaha. Nilijiona mwanamke anayependwa, na nilikuwa ninapendwa.

Siku ya kupima ilipofika nilikwenda hospitalini natembea kwa maringo. Mkunga akachoma kidole, akaweka karatasi kando ya kadi. Akaisogeza. Akaisogeza tena. Tone langu lilikuwa limeshuka rangi, chini ya pale lilipokuwa.

Aliweka kadi mezani. "Unauzisha vidonge vyangu?"

Niliwaka. Ni kweli wapo waliokuwa wanaviuza sokoni, siwalaumu, lakini mimi? Mimi niliyetapika matumbo yangu? Nilimwambia mambo ambayo mwanamke mjamzito hapaswi kumwambia mtu atakayemzalisha. Aliniacha nimalize.

"Choo yako iko na rangi gani?"

"Nyeusi. Kama sufuria."

Sasa alijua nasema kweli, kwa maana choo hakidanganyi. "Basi unameza. Unamezaka na nini?"

"Na maziwa," nikasema kwa kiburi, maana si kila mtu alikuwa na maziwa mwaka ule. "Bwana yangu ananiletea yake ya kazini."

Alipiga makofi mara moja, akashika kichwa. "Ee Mungu wangu! Maziwa inakamata chuma, mama. Inakamata, inatoka nayo. Unatupa dawa chooni kila siku!"

Akanieleza yale ambayo siku ya kwanza, akiwa na wanawake arobaini kwenye benchi, hakupata nafasi ya kuyaeleza. Kidonge na maji na ndimu, au pera bivu. Si maziwa, si chai. Tumbo likigoma, meza mchana baada ya kula kidogo. Maji mengi, papai, mboga za lengalenga, na kutembea, ili choo kisifunge. Na kutapika? Kama unatapika, alisema, unapumzika, unameza kingine. Tulikuwa na wiki tisa kabla ya kuzaa.

Nilirudi Panda polepole, na sikuwaza kidonge. Nilikuwa nasikia sentensi moja tu, inakamata, inatoka nayo. Niliijua. Nilikuwa naisikia nyumbani kwangu tangu nilipoolewa. Ndiyo hiyo hiyo ya watu wa asidi. Kwa hiyo walikuwa wanasema kweli, au angalau kweli iliyonitosha mimi barabarani siku ile: maziwa yanatoa madini mwilini. Mimi nilikuwa nayanywa, mimi niliyetakiwa kubaki na madini, na yule aliyetakiwa kuyatoa alikuwa anakwenda kwenye mabirika na koo kavu. Mwezi mzima. Nilikaa kwenye jiwe kando ya njia nikajitukana kwa sauti. Mzee mmoja mwenye baiskeli alisimama kuniuliza kama uchungu umeanza.

Jioni chupa ilikuja kama kawaida. Sikuipokea. Nilimwambia yote, mkunga alivyosema, neno kwa neno.

Kwanza alicheka. "Si ni ile minye nasemaka kila siku? Maziwa inakamata..." Niliona jinsi ilivyomfikia usoni. Aliweka chupa chini kando ya mbabula, jiko letu la makaa, taratibu, kama inaweza kulipuka.

"Kumbe nilikuwa natoa dawa yako," alisema. "Na mikono yangu."

"Hukujua."

"Nilijua! Ile ya maziwa minye nilijua kuliko wote. Sikufikiri tu."

"Na minye nilikunywa yako. Kifua yako je?"

"Acha kifua yangu."

"Siachi. Kuanzia kesho unakunywa kulekule kazini, mbele ya wenzako. Ukileta chupa hapa nitaimwaga mlangoni, na watu waone."

Alichukua koti lake akaondoka. Nilidhani amekasirika. Alirudi giza limeshaingia, mfuko wa koti umejaa ndimu, mikono yote imechanwa na miiba. Hakusema ametoa wapi, nami sikuuliza.

Wiki tisa zile sizitamani. Ndimu na chuma, mama yangu! Meno yalikufa ganzi. Nilitapika asubuhi, nikahamisha kidonge mchana, nikatapika mchana. Kikitoka, napumzika, nameza kingine. Jirani alinipitishia papai juu ya ukuta na maswali kuhusu choo changu ambayo kambi nzima iliyasikia. Msichana wangu alijifunza kunishikia ndoo, na akawa anacheza mchezo wa kutapika na mdoli wake wa gunzi. Nilimpiga kofi siku moja kwa ajili hiyo, na hadi leo naona vibaya. Mume wangu alileta ndimu. Alikata mwenyewe, akakamua mwenyewe, na bado alisimama na viatu mkononi mpaka koo langu lishuke.

Mkunga alinipima mara mbili zaidi. Tone lilipanda ngazi moja, halafu nyingine. Halikufika kwenye zile rangi zilizoiva, nisiwadanganye. Lilifika katikati. "Tutaenda na hii," alisema.

Mtoto alitoka mchana, mvulana, na damu ikaja nyuma yake. Nilisikia ikija. Nilianza kusali na kutukana kwa pamoja. Mkunga alikandamiza tumbo langu kwa ngumi mbili, akanichoma sindano ya kuzuia damu niliyokwenda nayo mwenyewe, maana hospitali haikuwa nayo, akakandamiza tena, na ilikuja, ikaja, halafu ikapungua. Masikio yangu hayakulia. Taa ya dari haikuwaka, umeme haukuwapo, lakini dirisha lilikaa pale pale lilipokuwa, na niliona majani ya mti nje, moja moja. Alinivuta kope ya chini kwa kidole gumba, akatazama. "Damu iko," alisema, akaketi sakafuni na glavu zake.

Mume wangu alikuja kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya zamu. Alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi zaidi. Kisha akatoa ndani ya koti ile chupa yenye gunzi. Ilikuwa imejaa, alikuwa amejinyima maziwa yake ya jana.

"Sasa dawa imekwisha," alisema. "Sasa unaweza kunywa."

Dawa haikuwa imekwisha. Mkunga alikuwa ameniachia vidonge vya siku arobaini nyingine, viko chini ya mto, ndani ya kipande cha gazeti. Na kikohozi cha mume wangu nilikuwa nimekisikia kikija tangu mwanzo wa korido. Lakini alikuwa amesimama na viatu vyake mkononi, vile alivyokuwa anasimama nyumbani, anangoja koo langu.

Nilikunywa nusu nikamrudishia, na akakataa, na nikamwambia hatoki mlango ule kabla hajamaliza. Akamaliza. Kidonge cha siku ile nilikimeza mchana, kwa ndimu, yeye akiwa amekwenda kazini.