Masizi ya Injini na Mkeka wa Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kushangazwa. Wakati wa vita vya Maji Maji nilikuwa mpagazi wa Wadachi, nikaona watu wakiikimbilia bunduki kwa imani kwamba risasi itageuka maji. Shule sikukanyaga. Lakini injini niliijua kwa kuitazama tu, na Newala nzima hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa.

Injini hiyo ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa pwani, ya kusagia nafaka, ikila mafuta ya taa. Mwaka wa pili ikaanza kukohoa moshi mweusi, kisha ikanyamaza kabisa. Tajiri akaniambia, "Fundi, ikifika Ijumaa haijanguruma, unarudi kubeba mizigo ya Lindi." Na mgongo wangu ulikuwa umeshaapa kutobeba tena.

Nikaifungua, kichwa chake nikakipeleka nyumbani. Ndani masizi yameganda kama ukoko. Nikasema uchafu ni uchafu, dawa yake maji. Nikachukua mtungi mzima uani, nikamimina. Masizi yakanitazama tu.

Sasa, mtungi ule mama mkwe aliupandisha kutoka bondeni, safari ya alfajiri mpaka saa nne. Nilikuwa nimehamia kwao baada ya kuoa, kama ilivyo desturi, na desturi hiyohiyo ilikataza mimi na yeye kuonana uso au kusemezana. Kwa hiyo alisema na mke wangu, ila kwa sauti ya kufika Masasi.

"Mwanangu, mumeo anaoga au anaosha injini?"

"Anaosha injini, mama."

"Muulize, hapa juu amemwona nani akitoa masizi ya chungu kwa mtungi mzima? Si tungeshakufa kwa kiu!"

Mke wangu akanigeukia. "Mama anauliza..."

"Nimesikia! Mwambie injini si chungu."

"Anasema injini si chungu, mama."

"Mwambie chungu changu kinapika."

Hadi Alhamisi nilikuwa nimekwangua kwa kisu mpaka vidole vimevimba. Nikajishusha, nikaomba msaada. Mama mkwe akatundika mkeka mlangoni, akakaa nyuma yake, akanielekeza kupitia kwa binti yake: loweka kwa mafuta ya taa, subiri, kwangua kwa kibanzi cha mwanzi, futa kwa sufi. Masizi yakaanza kubanduka vipande vipande, nikavimba kichwa. Kikabaki kitundu kinachopitishia mafuta, kimeziba kabisa.

"Kikoje?" ukauliza ule mkeka.

"Kidogo, mama," nikajibu mwenyewe, nikajisahau.

Kisha nyuma ya mkeka kikatoka kicheko ambacho sikukijua.

"Mwanangu, mumeo ameshanisemesha. Basi alipe fedha ya kuondoa haya, kama ilivyo desturi, nitoke nikione. Mgonjwa hatibiwi kwa kuhadithiwa."

Nikabishana na mkeka, nikashindwa, nikalipa. Akatoka mwanamke mfupi, nywele zimechomekwa mwiba wa nungunungu. Akauchomoa, akaupenyeza kwenye kitundu, akauzungusha, akapuliza. Likadondoka tone jeusi kama lami. Mwiba nao ukavunjika ncha.

"Shikamoo, mama," nikasema, mara ya kwanza maishani.

"Marahaba, fundi."

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, injini ikanguruma. Tajiri akanisifu, nikazipokea sifa zote. Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale na unga wake, akinitazama usoni bila haya yoyote, kwa kuwa ilishalipiwa: rupia mbili za haya, hela kumi za mwiba, na mtungi wa maji, ambao hakuusahau, hela ishirini na tano. Jumla rupia mbili na hela thelathini na tano.