Dobi Aliyepoteza Nishani ya Kikosi

Saa tatu asubuhi, pasi imetulia juu ya shati na dobi amesahau kuinyanyua. Harufu ya kuungua inamzindua. "Yarabi!" anamaka, lakini alama ya kahawia imeshaganda mgongoni pa shati jeupe la watu. Hajawahi kuunguza nguo ya mteja. Leo mawazo yake yako mbali: Kopla anakuja.

Kopla ndiye pekee aliye hai katika kikosi alichokuwamo marehemu baba wa dobi. Vita vilipoisha, kikosi kizima kilitunukiwa nishani moja ya ushujaa. Wenyewe hawakuigombea. Walikubaliana baba wa dobi aitunze, na kila mwaka wakutane kwake, waishike kwa zamu huku wakiwataja wenzao walioanguka. Wametangulia mmoja mmoja, sasa Kopla huja peke yake na kuwataja wote.

Na nishani haipo.

"Nilijifanya mjanja," anajisemea dobi. "Wezi walipozidi mtaani, niliishonea ndani ya bitana ya koti la baba. Nani aibe koti kuukuu?"

Kweli, halikuibwa. Dobi hutia nguo za kila mteja uzi wa rangi yake kwenye ukosi, zisichanganyike. Koti la baba alilitia uzi mwekundu, yaani lisiguswe. Mwezi uliopita, kazi zikiwa zimemwelemea, akajisahau na kumpa mwalimu mmoja rangi hiyohiyo. Kaka yake, anayesambaza nguo, akakusanya nyekundu zote na kumpelekea. Mwalimu alikuwa anahama. Simu yake haipatikani.

"Usingizi sina, naogopa," anajisemea. "Baba aliniambia hii si mali yetu, ni amana. Nitamtazamaje yule mzee?"

Kaka anaingia na dawa yake mkononi: medali ya bati ambayo binti yake alishinda kwenye mbio za shule. Kopla ana mtoto wa jicho, haoni tena.

"Mpe hii, dada. Duara ni duara."

"Ina mchoro wa kiatu!"

"Basi aishikie upande wa pili."

Dobi anaipokea na kuipima kiganjani. Anakiri imemshawishi, maana mzee angeridhika akaenda zake. Kisha anamrudishia. "Awataje marehemu juu ya kiatu? Hapana, kaka. Njia ya mwongo fupi."

Kesho atafunga kazi, aende mji aliohamia mwalimu, aulize shule kwa shule. Leo atasema ukweli palepale mlangoni, hata kama mzee atamlaani.

"Hodi humu!"

Dobi anakwenda mlangoni. Anafungua.

"Shikamoo, baba mdogo. Usikae kwanza. Nimeipoteza amana yenu."

Mzee amesimama, fimbo ameikita kizingitini. Dobi analia sasa, anamweleza habari za koti, uzi, mwalimu, zote kwa pumzi moja. Kaka ametazama chini.

"Marahaba," Kopla anajibu hatimaye. "Unaniogopa mimi? Mimi mwaka mzima naogopa kwamba nikifa, hakuna atakayejua kuwataja wale vijana."

Ananyoosha mkono, anapapasa hewani mpaka anaupata wa dobi.

"Koti tutalitafuta kesho, wote wawili. Sasa nisikilize vizuri. Nikimtaja mmoja, nawe mtaje."