Nyumba Inayokaribisha Wanyama

Shangazi yangu anashona mapazia, na jicho lake halipiti dirisha bila kulipima. Hata msibani nimewahi kumwona akiyatazama madirisha ya wenyewe kwa huruma. Mumewe alipofariki alihamia kwetu na vitu viwili vya maana: cherehani yake nzito ya umeme, na Bonge, mbwa mzee wa marehemu, jicho moja limeingia ukungu. Shangazi akishona, Bonge alilala juu ya mguu wake wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa pedali.

Mwenye jengo letu hataki mbwa. Alivumilia miezi miwili, kisha akamwambia baba kwamba mwezi ukiisha, mbwa atoke.

"Dada, mpeleke tu kwa mtu," baba alisema.

"Wewe ulipokuwa unatoroka shule, nilikupeleka kwa mtu?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Basi wifi, mwache kaka yako, limeshamwingia."

Tangazo nililiona mimi kwenye simu: chumba kimoja kikubwa chini ya paa la kiwanda cha zamani cha viatu, wanyama wanakaribishwa. Tulikwenda na Bonge. Ngazi za ghorofa tano, tukambeba kwa zamu. Juu kulikuwa na nguzo za chuma, kuta za matofali matupu, sakafu ya mbao na dirisha refu kunizidi. Mwenye nyumba, mama mmoja wa miwani mikubwa, alipiga magoti akamkumbatia Bonge na kumuuliza habari za safari. Sisi hakutuuliza.

Mambo yalikuwa yameshaiva, shangazi akayaharibu mwenyewe. Alichomoa futi yake, akalipima lile dirisha, akasema kwa furaha, "Hapa penye mwanga ndipo nitakapoiweka cherehani."

"Cherehani gani?"

"Ya umeme. Nashona mapazia."

"Sakafu hii ni mbao, mama. Wa chini watadhani treni inapita. Mbwa karibu sana, ila kazi za kelele hapana." Akatuonyesha kifungu chenyewe kwenye mkataba.

Nilimvuta shangazi mkono tuondoke. Yeye akamtazama Bonge, ambaye alikuwa ameshajilaza kwenye jua, akatia sahihi. Mwaka mzima.

Basi cherehani ikabaki chumbani kwangu. Kila asubuhi shangazi alikuja kwetu kushona, na kwa kuwa bawabu wetu alishaambiwa Bonge asikanyage tena, Bonge alibaki kule juu peke yake. Mbwa aliyezoea mguu wa mtu! Siku ya kwanza alilia mpaka saa sita. Siku ya nne alilia kutwa.

Shangazi akajaribu kukaa naye na kushona kwa mkono. Pazia moja, siku tatu. Mteja wake mkubwa, mwenye hoteli, alikuja akachukua vitambaa vyake vyote. Ikabidi arudi kwenye cherehani, na Bonge akarudi kulia. Ndipo mwenye nyumba akapiga simu kwamba majirani wamechoka.

"Si mlisema wanyama wanakaribishwa?" shangazi aliuliza.

"Wanakaribishwa sana, mama. Kelele ndizo hazikaribishwi."

Shangazi alimpeleka Bonge kwa mlinzi wa ghala la mbao, upande wa pili wa mji, anayefunga mbwa wake kwa mnyororo. Hakutaka niende. Aliporudi nikamuuliza, Bonge alilia?

"Nyamaza," akaniambia. Hajawahi kuniambia hivyo.

Mkataba bado una miezi tisa. Jumamosi nilimsindikiza kwake. Ngazini tulikutana na jirani aliyehamia juzi akishuka na kijibwa chake cheupe. Kijibwa kikainusa sketi ya shangazi, kikainusa tena, hakibanduki.

"Jamani, kimekupenda!" jirani alisema. "Na wewe una mbwa?"

Shangazi aliivuta sketi yake, akaendelea kupanda.