Sikio Langu la Kushoto

Nilikuwa mwaka wa tatu nikisomea muziki chuoni Kisumu, na maisha yangu nilikuwa nimeshayapanga. Ningekuwa prodyuza. Wenzangu walitaka kuimba, wengine kufundisha. Mimi nilitaka kuketi kwenye meza ya studio, nichukue gitaa la huyu na sauti ya yule, nizipange mpaka wimbo usimame. Wikendi nilifanya kazi katika studio ndogo ya mabati kule Obunga, tukirekodi kwaya za makanisa na vijana wa muziki wa benga, na nilijiona nimeshafika.

Siku hiyo tulikuwa na somo la kurekodi. Mhadhiri wetu alikuwa mama wa sauti ya chini ambaye, pamoja na shahada zake zote, sote tulimwita Mwalimu. Alitugawia hedifoni, akatuwekea wimbo, akatutaka tuseme kila chombo kimekaa upande gani.

Gitaa nililisikia. Kayamba ambayo wenzangu walikuwa wakiitajataja sikuisikia hata kidogo. Niliinua mkono.

"Mwalimu, hedifoni zangu zimekufa upande mmoja."

Alikuja akazivaa mwenyewe, akasikiliza.

"Mbona ni nzima?"

"Huku kushoto hakuna kitu, Mwalimu."

Alinipa za jirani yangu. Kushoto, kimya kilekile. Darasa lilianza kucheka, wakisema naharibu kila ninachogusa. Mwalimu hakucheka. Alizigeuza kichwani mwangu, upande wa kushoto ukaja kulia. Kayamba ikaingia, wazi kabisa. Gitaa likapotea.

"Sasa zimeharibika upande ule mwingine," nilisema. Kisha nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Somo lilipoisha alinibakiza. Aliniambia nifumbe macho, niseme nikisikia chochote. Nilisubiri. Nilidhani bado anajiandaa.

"Fumbua," alisema.

Mkono wake ulikuwa kando ya sikio langu la kushoto, vidole vikisuguana. Alikuwa akivisugua muda wote huo.

"Ulikuwa hujui?" aliniuliza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kuliko wangu.

Sikuwa najua. Hilo ndilo watu hushindwa kuniamini. Lakini ungejuaje unakosa kitu ambacho hujawahi kuwa nacho? Nilidhani binadamu wote husikia hivyo: sauti inakuja tu, haina mahali inapotoka, unageukageuka mpaka umwone anayekuita. Simu nilikuwa nikiweka sikio la kulia, kama watu wengine wengi. Pikipiki zilizokuwa zikinikosakosa barabarani mjini nilizilaumu kwamba hazipigi honi. Katika mtihani nilikuwa nimeshaeleza jinsi sauti inavyogawanywa kushoto na kulia, na nikapita. Nilikuwa nimekariri kitu ambacho sijawahi kukisikia.

Halafu nikakumbuka Obunga. Kwaya moja ilikuwa imerudisha wimbo, wakisema umeegemea upande mmoja kama kitanda kibovu. Niliwaambia redio yao ndiyo mbovu. Nilikuwa nimeshatoka darasani; nikakaa chini palepale kwenye korido.

Hospitalini waliniketisha ndani ya kichumba kisichopitisha sauti, nikabonyeza kitufe kila niliposikia mlio. Upande wa kulia nilibonyeza kama kawaida. Upande wa kushoto kidole changu kilikaa juu ya kitufe tu, hakikupata kazi.

"Mshipa wa sikio hili ulikufa zamani," daktari alisema. "Labda utotoni. Uliugua nini?"

"Sijui. Utapona?"

"Hapana," alijibu. Alilisema kwa upole, lakini ni hilo moja tu alilosema.

Nilienda nyumbani Katito kumwona mama. Nilimkuta kwenye cherehani yake sokoni, anashona sare za shule. Nilimweleza. Mwanzoni alidhani nazungumzia nta ya sikio.

"Mama, halisikii. Halijawahi kusikia tangu nilipokuwa mdogo. Niliugua nini?"

Aliachilia kanyagio la cherehani, gurudumu likazunguka lenyewe mpaka likasimama.

"Matumbwitumbwi," alisema. "Kabla hujaanza shule. Mashavu yalikuvimba, ukapata homa, halafu ukapona. Hukulilia sikio hata siku moja, nyathina, mwanangu. Ulipona, ukatoka kucheza."

Akaziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anakishona.

"Nilikuwa nakuita," aliendelea, "nimesimama mlangoni pale nyumbani, wewe unaangalia kule barabarani, unaangalia juu ya mti, unaangalia kila mahali isipokuwa kwangu. Nilidhani unanichezea. Nyasaye, Mungu wangu! Nilikuwa nakuchapa kwa sababu hiyo."

Nilikuwa nimekwenda kutafuta jibu, nikaishia kumshika mama mkono. Mteja wake alikuja kuulizia sare, akatuona, akaondoka kimyakimya. Tulikaa hivyo, sisi wawili, tumeduwaa, kama watu walioletewa habari ya kifo cha mtu aliyeshazikwa miaka mingi iliyopita.

Niliporudi chuoni nilimwuliza Mwalimu kama bado naweza kuwa prodyuza.

"Sitakudanganya," alisema. "Utarekodi, ndiyo. Lakini kupanga sauti kushoto na kulia hutaweza kama wengine. Kila siku utahitaji masikio ya mtu mwingine."

Nilimkasirikia. Kwa wiki kadhaa sikuingia darasani kwake. Hasira ilipopungua niliona ndiye peke yake aliyekuwa amenieleza ukweli bila kunionea huruma. Nikarudi, nikamwomba anifundishe kuongoza kwaya na kuandika muziki wa sauti nne. Huko kinachotakiwa ni kusikia kama sauti imepanda au imeshuka, na kwa hilo sikio moja linatosha. Katika onyesho langu la mwisho chuoni nilisimama ubavuni mwa kwaya badala ya mbele yake, ili wote wawe upande wangu wa kulia. Watazamaji walidhani ni mtindo.

Nilipoitwa kwenye usaili wa kazi ya ualimu wa muziki, katika shule moja baada ya Otonglo, nje kidogo ya Kisumu, nilianza kwa kuwaeleza habari ya sikio. Mkuu wa shule aliweka kalamu chini.

"Mwalimu wa muziki asiyesikia upande mmoja?"

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

Aliwatazama wasaili wenzake. Kisha akatuma waitwe wanafunzi watatu wa kwaya, akanigeuza nitazame ukuta, wakaimba pamoja.

"Haya," alisema. "Umesikia nini?"

"Wako wapi, sijui," nilijibu. "Lakini mwenye sauti nzito alishuka chini ya noti katika mstari wa pili, akajirekebisha kabla ya mwisho."

Nyuma yangu msichana mmoja aliguna, na mwenye sauti nzito akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Ni mimi."

Niligeuka kumtafuta. Nilianza kwa kumtazama asiye yeye.