Ngazi za Boma

Wazee wenzangu wa Lushoto wakianza kulizungumzia boma, lile la mawe lililojengwa na Wajerumani, kila mtu ana lake. Yupo anayekumbuka bendera ya uhuru ikipanda, yupo aliyefungiwa humo kwa kukataa kuchimba matuta ya Mwingereza. Langu mimi ni zile ngazi za mbele, na siku moja tu.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mpiga chapa pale bomani, msichana wa Magamba mwenye viatu vya kisigino. Maringo niliyokuwa nayo, Mungu anisamehe.

Baba yangu alikuwa bado anavua viatu kila akifika mbele ya boma, kama mkoloni alivyowazoesha. Niliwahi kumwambia, "Tate, boma sasa ni letu."

"Ni letu, ndiyo," akajibu. "Lakini wewe hukuwapo."

Asubuhi moja ya Julai, ukungu umeshuka hadi barabarani, akatokea mlangoni pa ofisi yetu. Yuko peku, makatambuga mkononi, matope hadi magotini. Mle ofisini mlikuwa na wageni kutoka Tanga, na mmoja akacheka chinichini. Niliona aibu ya kufa mtu. Nyumbani nilikuwa nikimwamkia kwa kupiga goti. Pale hata shikamoo sikumpa.

"Mzee, tuna kazi," nikamwambia. "Subiri nje."

"Haya, ndugu," akasema, kama anavyojibiwa mkubwa wa serikali, akatoka kinyumenyume.

Mtu aliyelelewa kuliogopa boma, akiambiwa asubiri, anasubiri. Kazi ilipokwisha, saa nane na nusu, nilimkuta ngazini anatetemeka kwa baridi. Ndipo aliponieleza kwamba mama amezidiwa tangu alfajiri, na hamtaki mtu mwingine ila mimi.

Tuliupanda mlima mbiombio. Tulipofika kwenye migomba yetu tukasikia vilio. Mama alikuwa amekata roho tangu saa sita.

Msibani, shangazi aliuliza mbele ya watu wote: huyu mtoto alikuwa wapi, mama yake akimwita hadi sauti inakauka? Nikafungua mdomo niseme kweli. Baba akaniwahi.

"Alikuwa na kazi ya serikali," akasema. "Hakujua. Mimi ndiye niliyechelewa kumwambia."

Ukoo mzima ukamgeukia yeye. Walimsema hivyo hadi anaingia kaburini, na mimi nikawaacha wamseme.